Chema Chajiuza, Kibaya Chajitembeza: Ufafanuzi wa Methali na Kisa cha Goldenberg

Methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" imetokana na biashara. Kitu chenye ubora hakihitaji mpigadebe, kwa kuwa aliyekwisha kukitumia ndiye anayekitangaza, ilhali kisicho na ubora hulazimika kuzungushwa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, kwa sababu aliyekijaribu mara moja hakirudii. Katika soko kama la Kithyoko, kaunti ya Machakos, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, maana hii ya nje haina ugumu: muuza ndengu zisizobunguliwa wala kutiwa mchanga hufuatwa na wateja wale wale msimu hata msimu, bali aliyezichanganya hana budi kuwakimbilia abiria wapitao, ambao hawatarudi kumdai.

Maana ya ndani inahusu tofauti kati ya thamani na sifa. Thamani ni ule ubora uliomo katika kitu chenyewe, na sifa ni yale yanayosemwa na watu juu yake. Methali haidai kwamba kila anayejitangaza ni mwovu. Inachofundisha ni kwamba sifa inapotangulia thamani, na hasa inapobadilishwa mara kwa mara, mwenye busara hupata sababu ya kupima kabla ya kuamini.

Kisa cha Kamlesh Pattni, sonara kijana wa Kenya, kinalidhihirisha fundisho hilo kwa upana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni yake ya Goldenberg International ilipewa na serikali ya Kenya haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na almasi, pamoja na fidia ya mauzo ya nje, yaani malipo anayopewa mfanyabiashara kutoka hazina ya umma kwa kuingiza fedha za kigeni, iliyofikia asilimia 35. Kenya haikuwa na migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba, lakini fidia ililipwa kwa mabilioni ya shilingi, na yule sonara kijana akawa mwenye benki na hoteli ya Grand Regency. Mwaka 1993, kwa sababu kadhaa zilizoambatana, mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 46, na mwananchi ambaye hakuwahi kuiona dhahabu hiyo akabeba mzigo wa uchumi ulioyumba.

Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2006, iliianika kashfa hiyo hadharani. Wakati huo Pattni alikwisha kujulikana kama Ndugu Paul, mhubiri wa Injili. Mwaka 2007 aliwania ubunge wa Westlands kwa chama cha KENDA, akashindwa. Mwaka 2008 aliiachia serikali hoteli ile, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikamwondolea mashtaka ya Goldenberg. Hata hivyo, tarehe 9 Desemba 2024, Marekani na Uingereza zilimwekea vikwazo kwa tuhuma za biashara haramu ya dhahabu. Haki inataka uamuzi wa mahakama uheshimiwe, na toba ya mtu haipimwi na binadamu mwenzake. Lakini methali inaruhusu kuuliza ni kwa nini kila sura mpya ilihitaji hadhira mpya.

Lipo pingamizi zito dhidi ya nusu ya kwanza ya methali. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, ndiye aliyeziona hati za malipo ya Goldenberg, akashuku, akazifikisha kwa wabunge wa upinzani. Malipo yake yakawa kukamatwa na kufukuzwa kazi. Tuzo ya uadilifu aliyopewa mwaka 2004 haikumwondolea ufukara, na alifariki mwaka 2006. Hapa palikuwa na chema kisichopata mnunuzi, wakati mauzo ya karatasi tupu yalilipwa kikamilifu.

Pingamizi hilo haliivunji methali, bali linafichua sharti lake: chema hujiuza pale tu ambapo wanunuzi wanajua kupima na wako tayari kulipa. Soko la ndengu linalo sharti hilo, kwa kuwa mnunuzi hutia mkono guniani, akala alichonunua, na hasara ikimpata ni yake; katika hazina ya umma anayeidhinisha malipo halipi kwa fedha zake, na anayelipa haonyeshwi hati. Kwa hiyo maadili ya methali hayamwelekei mchuuzi peke yake. Yanaidai jamii ikague hati kabla ya kushangilia cheo, iwe cha mwekezaji au cha mhubiri, na imlinde karani anayesema kweli angali hai na angali kazini, kwa maana wema usionunuliwa na mtu huwafunza wanaoutazama kwamba uovu ndio wenye faida.