Mashine ya kukaushia nguo: fundi au duka?

Ikizunguka bila kutoa joto, mashine kuukuu ya kukaushia nguo hutangazwa maiti siku hiyo hiyo. Marekani, ambako nyumba nyingi haziioni tena kamba ya kuanikia, mwenye mali hukimbilia dukani.

Pengine angesubiri. Ndani ya mashine ya umeme hamna maajabu: mota, mkanda, pipa, koili ya joto na fyuzi ndogo ya usalama. Fyuzi hukatika joto likizidi, mara nyingi kwa sababu bomba la kutolea hewa limeziba kwa vumbi la nyuzi za nguo. Bei yake ni dola chache tu. Lakini anayeibadilisha bila kuzibua bomba anajisumbua, tena anahatarisha nyumba: mamlaka ya zimamoto ya Marekani inataja kutosafisha kuwa chanzo kikuu cha moto unaoanzia kwenye mashine hizi.

Mota ikifa baada ya miaka 13, hesabu ni nyingine. Mafundi wengi huweka mpaka kwenye nusu ya bei ya mashine mpya. Gharama ikivuka hapo, nunua. Ukinunua, ulizia ya pampu ya joto: hukausha taratibu, ila hula umeme pungufu.