Sabuni ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu huosha pikipiki kando ya Mto Isiukhu, soo moja kila pikipiki. Povu na oili huteremka mtoni, naye jioni hupanda mtaani na unga wa ugali. Tangu niache chuo, nimeula ugali huo mara nyingi. Kwa hivyo nikilalamika kuwa mto umechafuka, inabidi nianze na mdomo wangu mwenyewe.

Majuzi tuliitwa kikao: watu wa bodaboda, mama mboga, vijana wa kuosha, akina mama wa kanisa, wakulima wa bondeni. Lawama zikaanza. Mama mboga wakasema shida ni sabuni. Vijana wakauliza, na maganda yanayoziba mitaro ya soko ni ya nani? Kisha mzee mmoja wa bondeni akauliza, "Kati yenu, nani anayanywa haya maji?" Kimya.

Isiukhu hutoka msituni, hupita kando ya mji wa Kakamega, huingia Nzoia, na Nzoia huishia Ziwa Victoria. Maana yake, kila mmoja wetu yuko juu ya mwingine. Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na wengine kulinda mazingira. Kushirikiana, si kunyoosheana vidole.

Lakini tushirikiane vipi ikiwa hasara ni ya mmoja? Askari wa kaunti wanaweza kumfukuza mdogo wangu leo. Kesho atahamia chini kidogo, wasikomwona. Na hata akitii, sisi wengine tutapata mto safi kwa njaa yake. Huo nao ni uchafu, ila hauonekani majini.

Ndiyo maana nililipenda pendekezo la mwisho: pa kuoshea pahamishwe mbali na mto, pachimbwe shimo la maji machafu, watu wa bodaboda waongeze mbao kwa kila pikipiki, na mama mboga wapeleke maganda kwa wakulima yawe mbolea. Kila kundi litoe kitu. Hakuna aliyefurahi sana, na nadhani hiyo ndiyo dalili kwamba mzigo uligawanywa.

Usiku, tukila, mdogo wangu aliniuliza, "Sasa bro, wewe utatoa nini?"

Nilikuwa nimeshamega tonge. Kesho naenda naye kuchimba shimo.