Msimfungie Msomaji kwa Hofu ya Mwizi

Wanangu mnaoandika mtandaoni, malalamiko yenu nimeyasikia. Makala ya kukesha, kufumba na kufumbua iko kwenye tovuti ya mtu mwingine, picha zote, hata kosa la tahajia limeachwa palepale. Uchungu huo ni wa haki. Ila dawa mliyoikimbilia wengi wenu inamuumiza asiyehusika.

Chukueni tovuti ya mapishi. Mama yuko jikoni, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi, anataka vipimo vya mkate wa kumimina amtumie mdogo wake kwa WhatsApp. Anabonyeza maneno na kushikilia, hayashikiki. Anarudia, kinachomoka kisanduku chekundu: "Kunakili ni marufuku!" Mchele umesharowekwa, bando linakata, na sasa anakaripiwa kama kibaka. Atahamia kwingine, wala hatawaambia kwa nini.

Mwizi je? Kisanduku hicho hakimpi shida. Kizuizi chenyewe ni mistari michache ya JavaScript inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha msomaji. Akiizima, au kwenye kompyuta akibonyeza Ctrl na U, maandishi yote yako wazi mbele yake. Mwingine hata ukurasa haufungui. Ana programu ya kuzoa makala. Ukurasa ukishasomeka kwenye simu ya mtu, ujue umeshafika kwenye simu hiyo, na kilichokwishafika hakizuiliki kwa kufuli la mlangoni.

Kibaya zaidi ni kugeuza maandishi kuwa picha ili yasinakiliwe. Kuna wasomaji wasioona ambao husomewa na simu kwa sauti. Programu zinazowasomea zikikuta picha mahali pa maneno, mara nyingi msomaji anaambulia neno "picha" tu. Hapo hamjamkomoa mwizi, mmemfukuza kipofu.

Kwenye picha halisi nako mnazidisha. Biriani limepambwa vizuri, halafu jina la tovuti limetandazwa juu yake kama bango la uchaguzi! Andikeni jina dogo, lakini lisikae pembeni kabisa ambako hukatwa kwa mkasi mmoja. Liguse ukingo wa sahani, ili mwizi akilikata aharibu picha. Mtandaoni pandisheni nakala ndogo, ile kubwa iliyotoka kwenye kamera ibaki kwenu. Siku ya ubishi, mwenye faili la awali ndiye mwenye neno. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili msizitegemee peke yake, maana picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huzipoteza.

Yapo ya kufanya ambayo msomaji hatayahisi. Zuieni kwenye seva tovuti nyingine zisivute picha moja kwa moja kutoka kwenu na kula data ya seva mnayoilipia. Ndani ya makala wekeni viungo vya makala zenu nyingine. Wanaozoa kwa mashine huvibeba hivyohivyo na kujianika wenyewe. Faili la robots.txt liwepo, lakini hilo tangu 1994 ni ombi la kistaarabu kwa mashine zinazopitia tovuti, na mwizi hana ustaarabu.

Sheria nayo mjue mpaka wake. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya 1999, Kenya ya 2001, na haki huzaliwa pale kazi inapoandikwa. Kusajili si sharti la kuimiliki. Lakini vikombe viwili vya mchele na tui la nazi si mali ya mtu. Chenu ni namna mlivyosimulia, na picha mlizopiga. Nimeona kijana akimtishia mwenzake mahakama kwa ajili ya orodha ya viungo vya pilau. Aibu tupu.

Aliyenakili aya moja na kuwataja, mshukuruni. Aliyebeba makala nzima akatia jina lake, piga picha ya skrini inayoonyesha anwani na tarehe kabla hajafuta, kisha mwandikie. Ujumbe uwe mfupi: anwani ya ukurasa wako, anwani ya ukurasa wake, siku uliyochapisha, na muda unaompa. Matusi weka kando, kwa sababu akinyamaza, ujumbe huohuo ndio utakaouambatisha kwa kampuni inayohifadhi tovuti yake, na kwenye fomu ya Google ya kuomba ukurasa uondolewe katika matokeo ya utafutaji.