Dhamiri ya Huck

Katika riwaya ya Mark Twain iliyotoka Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, mtoto Huck Finn asafiri kwa chelezo katika mto wa Mississippi pamoja na Jim, mtumwa aliyetoroka. Mji wake umemfunza kuwa kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, na malipo ya wizi huo ni moto wa akhera. Huck hakanushi mafunzo hayo. Aandika barua kumjulisha Bi Watson, mwenye mtumwa, mahali Jim alipo. Kisha akumbuka zamu za usiku ambazo Jim alimshikia ili yeye alale. Aichana barua, aridhia Jahanamu.

Je, atenda wema yule aaminiye kuwa atenda dhambi? Wako wasemao kuwa tendo lisilo na kanuni ni bahati tu. Lakini kanuni pekee aliyopewa Huck ilikuwa ya wenye watumwa; huruma yake ilijua zaidi kuliko akili yake. Walakini huruma hiyo haikutosha kumkomaza. Tom Sawyer alipofika akakigeuza kifungo cha Jim kuwa mchezo, Huck alinung'unika kidogo, akafuata. Jim alikuwa amekwisha kuachwa huru kwa wasia, jambo alilolijua Tom, naye akabaki katika mnyororo kwa furaha ya mtoto wa watu.