Kidole Kisichotulia

Baada ya sala ya alasiri, katika msikiti mdogo usio mbali na stesheni ya reli pale Kilosa, mzee mmoja aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu alinishika kanzu kabla sijainuka, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye jambo la aibu, iwapo sala yake ilisihi. Nilidhani amepotelewa na hesabu ya rakaa. Kumbe alikuwa akiulizia kidole. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu na wa bara, mwenye kusali hukinyosha kidole cha shahada atajapo upweke wa Mola wake, kisha hukiacha kitulie bila ya kukichezesha. Na mzee huyu, aliyeanza kusali angali mtoto wa chuoni, alikuwa na mwaka wa nne hajapata kukituliza. Nilipoutazama mkono wake wa kuume uliolala juu ya paja, niliona kidole gumba na kidole cha shahada vikisuguana, kwenda na kurudi, mithili ya mtu avutaye uradi kwa tasbihi asiyokuwa nayo.

Nilimjibu kuwa sheria haimdai mtu asichoweza kukitoa, na kwamba kidole kitetemekacho bila ya hiari ya mwenyewe hakina lawama mbele ya Aliyekiumba. Alishusha pumzi, akashukuru, kisha akaniuliza la pili, ambalo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Mjukuu wake, utingo wa gari kubwa katika ile barabara kuu ipitayo Mikumi, alikuwa amemwonyesha katika simu picha ya mzee wa Kizungu aliyekuwa akitetemeka kiwiliwili kizima, akadondoshewa chini ya ulimi matone machache ya mafuta ya bangi, na baada ya dakika chache akaketi kitako akisema kwa utulivu. Kijana alikuwa tayari kumtafutia babu yake kichupa cha namna ile. “Mwanangu,” akasema mzee, “nimeishi miaka sabini na mbili bila ya kuligusa jani hilo. Je, leo ni halali kwangu?”

Yafaa kwanza tuyajue maradhi yenyewe, kwani hukumu isiyotanguliwa na maarifa ni dhuluma hata ikiwa imevaa kilemba. Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London, James Parkinson, alitoa kijitabu juu ya watu wachache aliowaona wakitetemeka, wakiinama mbele na kwenda kwa hatua fupi za haraka, na jina lake likabaki juu ya ugonjwa huo hadi leo. Wataalamu waliokuja baadaye walibaini kwamba ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo yenye weusi, ambayo chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, mfano wa mafuta yalainishayo mwendo wa viungo. Chembe hizo zifapo kidogo kidogo kwa sababu ambazo elimu bado inazichunguza, mwili hukakamaa, uso huganda, na mkono hutetemeka.

Kutetemeka huko kuna ajabu yake. Aghalabu huwa kukubwa pale mkono unapopumzika, hupungua mtu anaponyosha mkono kushika kitu, na hutoweka kabisa katika usingizi. Ajabu hiyo imewaponza wengi, maana majirani waonapo mkono uliokuwa ukicheza juu ya paja ukipokea kikombe cha kahawa kwa utulivu, husema mzee anajisingizia. Na mkewe aonapo mkono umelala usiku kama wa mtu mzima, husema jini amelala na mwenyewe. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wenye maradhi haya katika watu zaidi ya 160,000, na taarifa yao ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa wengi wa waliopatikana walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote jina la kinachowasumbua. Ikiwa hali ndiyo hiyo chini ya Kilimanjaro, palipo na hospitali kubwa na kongwe, yakisie mwenyewe yaliyomo katika vijiji vya milima ya Usagara.

Ama jani lenyewe, nitasema lililo kweli, liwe limeipendeza hoja yangu au limeikera. Nchini Israeli, mwaka 2014, matabibu waliwaangalia wagonjwa 22 kabla ya kuvuta bangi na nusu saa baada ya kuvuta, wakaandika kuwa mtetemeko, ukakamavu na uzito wa viungo vilipungua. Lakini kila mmoja pale alijua anachokivuta, na tamaa ya kupona nayo ni dawa ya muda mfupi. Nchini Uingereza, miaka kumi nyuma yake, dondoo la bangi lilijaribiwa kwa kificho, mgonjwa asijue apewapo ni dawa au ni kitu kitupu, na mijongeo isiyo ya hiari haikupungua. Huko Brazili, mwaka ule ule wa 2014, wagonjwa 21 walipewa kiini kimoja cha mmea huo kisicholevya. Viungo havikufanya nafuu, ingawa waliopewa kipimo kikubwa walisema maisha yao yamekuwa mepesi kidogo. Tena kile kiini kilevyacho humletea mzee kizunguzungu, humshusha msukumo wa damu asimamapo, na humwonyesha yasiyokuwapo. Na mwenye maradhi haya, ambaye kuanguka ni adui yake wa kila siku, ndiye mtu wa mwisho apasaye kuongezewa sababu ya kuanguka. Basi manufaa yamkini yapo, ila ni ya dhana. Madhara yapo, na ni ya yakini.

Wako watu wa dini wanaodhani kuwa ili kitu kiwe haramu ni lazima kwanza kikanwe kuwa na faida yoyote. Hilo si adabu tuliyofunzwa. Kurani, ilipoutaja mvinyo kabla ya kuukataza moja kwa moja, haikukana kuwa una manufaa kwa watu. Iliyakiri, kisha ikapima, ikaliona dhambi kuwa zito zaidi. Kukiri manufaa si kuhalalisha, na kukataza si ruhusa ya kusema uongo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa juu ya mvinyo utengenezwao kwa ajili ya tiba alikataa kuuita dawa, akauhesabu katika maradhi. Na yeye huyo ndiye aliyefundisha kwamba hapana ugonjwa ulioshushwa bila ya kushushiwa tiba yake. Mafundisho haya mawili, yakiwekwa pamoja, hayamfungii mgonjwa mlango. Yanamtuma akaitafute tiba mahali palipo safi.

Bangi yenyewe iliwafikia wanazuoni baadaye. Ibn Taimiya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra, aliishambulia kwa ukali, na Zarkashi, aliyefariki 794, akaiandikia kitabu kizima cha kuiharamisha. Lakini hata katika ukali huo mlango wa dharura haukupigiliwa misumari. Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 676, aliiona kuwa na nguvu zaidi kauli ya kumruhusu mtu atumie kitu kisicho kinywaji kimwondolee fahamu, ili akatwe kiungo kilichooza asife. Wanazuoni wakauzungushia mlango huo sharti: pasiwepo dawa ya halali ishikayo nafasi yake, aseme hivyo tabibu mjuzi na mwadilifu, si mpita njia, na kiasi kisivuke haja, kwa kuwa dharura hupimwa kwa kipimo chake. Jirani yake mzee huyu, Mkristo wa Kikatoliki, hayuko mbali na mizani hii, kwani Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kwa ajili ya tumbo lake, akataja kuwa kidogo.

Kichupa cha utingo hakisimami mbele ya sharti hizo. Tabibu hayupo, kwa kuwa aliyekisifu ni picha ya simuni. Kiasi hakijulikani, kwa kuwa hakuna ajuaye ndani mna nini wala mna nguvu gani. Tena sheria ya nchi, Sheria Na. 5 ya mwaka 2015, imefanya kulima, kumiliki na kutumia bangi kuwa jinai, na Mkoa wa Morogoro umetajwa mara nyingi katika habari za mashamba ya bangi yanayofyekwa na kuteketezwa. Mjukuu akikamatwa nacho, mzee atakuwa amenunua utulivu wa mkono mmoja kwa pingu za mikono miwili. Hayo yote nilikuwa tayari kumwambia. Lililonizuia ni sharti la kwanza: pasiwepo dawa ya halali. Je, ipo?

Ipo. Inaitwa levodopa; ikimezwa huingia katika ubongo na kugeuka dopamini ile ile iliyopungua, na Shirika la Afya Duniani limeiandika katika orodha ya dawa za lazima. Juma lililofuata nilikwenda Mikumi kwa njia ipitayo kijiji cha Ulaya, na gari lilipoharibika nikashuka kusubiri kivulini, mbele yangu mivumo mirefu, ambayo wenyeji huiita mikumi na ndiyo iliyoupa mji jina. Kwenye kichaka cha karibu kulikuwa na upupu uliotambaa hadi juu ya mti, maganda yake yameninginia, yamevaa manyoya ya rangi ya shaba yanayong'aa juani. Kila mtoto wa Kilosa aujua upupu. Ndio uliokuwa ukipakwa juu ya dawati la mwalimu mkali, na ndio mkulima aukwepao kwa kuzunguka njia ndefu. Na ndani ya mbegu zake, Mola ameweka levodopa. Kitu hicho kilichujwa mara ya kwanza kutoka katika maharage ya jamii nyingine mwaka 1913, na mtaalamu aliyefanya kazi hiyo, Marcus Guggenheim, hakujua kitafaa nini. Na mwaka 2017 matabibu walitangaza kuwa huko Bolivia wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, wakapata nafuu ya kulingana na ile ya dawa ya kiwandani.

Simwambii mtu akachume. Mbegu hizo zikitumiwa bila ya kipimo hutapisha na kuvuruga akili, na hekima iliyomo ndani yake haitoki ila kwa mkono wa anayeijua. Nilichokiona chini ya kivuli kile ni jambo jingine: mzee aliyekuwa akiuliza juu ya jani la haramu alikuwa akiishi kati ya vichaka vilivyobeba dawa ya halali, na vidonge vyake, vilivyokwisha kujulikana ulimwenguni kwa zaidi ya nusu karne, havikuwa vimepata kumfikia. Hakuna aliyemwambia jina la maradhi yake. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni uzee.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliihesabu elimu ya utabibu katika faradhi za kifaya, zile ambazo wakizitenda baadhi ya watu wengine husamehewa, na zikiachwa na wote dhambi huwaenea wote. Akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu ya mabishano, hali miji yao haina tabibu miongoni mwao. Lawama hiyo imetufikia. Sisi tunaoketi barazani kubishana iwapo mtetemekaji ahalalishiwe bangi, tumesahau kuuliza ni nani aliyemfikisha mahali pa kuuliza. Dharura ziko namna mbili: iletwayo na majaaliwa, kama njaa ya msafiri aliyepotea jangwani, na iletwayo na uzembe wa jamaa, kama njaa ya yatima katikati ya maghala yaliyojaa. Katika namna hii ya pili, naamini, swali la haramu na halali humwelekea mwenye ghala kabla ya kumwelekea mwenye njaa. Kumwambia mgonjwa usitumie hili, bila ya kunyanyua mguu kumtafutia lile, ni kumbebesha yeye peke yake mzigo wa taqwa yetu sote.

Wala siufungi mlango wa kesho. Malawi mwaka 2020 na Rwanda mwaka 2021 zilifungua njia ya kulima bangi kwa tiba chini ya macho ya serikali. Na iwapo siku moja matabibu wetu waaminifu watapata burhani kuwa kiini fulani cha mmea ule chamfaa mgonjwa fulani kwa kipimo fulani, na dola ikaridhia, basi wanazuoni wana zana zote za kulijibu hilo bila ya hofu, kwa kuwa Nawawi amekwisha kuwatangulia. Siku hiyo ikija, ije kwa elimu, isije kwa kuwa tulimwacha mzee atapetape.

Niliporudi Kilosa nilimweleza haya. Nilimwambia kuwa kichupa kile si halali kwake maadamu kuna dawa safi asiyoijaribu, na kwamba kosa la kutoijaribu si lake. Alinyamaza kitambo. “Kumbe kinachonisumbua kina jina,” akasema. Baada ya Ijumaa tulitandaza kanga mlangoni mwa msikiti, na jirani yake Mkatoliki naye akaja kutia chake, hata ikapatikana nauli ya watu wawili hadi kwa daktari wa Morogoro, na akiba ya dawa kwa miezi kadhaa.

Walisafiri alfajiri, yeye na mjukuu. Nilifika kituoni nikamkuta ameketi dirishani, mkono ukicheza juu ya paja katika ile tasbihi yake isiyoonekana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akaunyosha mkono nje ya dirisha ili anipe, na ulipokuwa njiani kuja kwangu, ulitulia.