Kibao cha Mallard

Juu ya kabati langu la vitabu kuna injini ya mvuke yenye urefu wa sentimita 28 hivi. Ni Mallard, iliyobuniwa na Nigel Gresley, ikapunguzwa mara 76. Ni ya buluu, pua imelazwa ili ikate upepo, na ubavuni ina kibao ambacho nilikisoma kwa kioo cha kukuzia: 3 Julai 1938, maili 126 kwa saa.

Miaka mingi sikukitilia shaka. Kisha nikasoma kwamba kibao hicho kilifungwa 1948. Hilo peke yake si neno; hakuna avaaye medali kabla ya mbio. Lakini vile vifuniko vya pembeni mwa magurudumu, ambavyo injini yangu inavyo, viliondolewa wakati wa vita ili mafundi wafike ndani kwa urahisi. Vilirudishwa miaka ya 1960, injini ilipokwisha kustaafu. Yaani kabla injini haijastaafu, kibao na vifuniko havikuwahi kufanya kazi pamoja hata siku moja. Vimekutana kwenye makumbusho ya York, na hapa kabatini. Hata injini halisi imevishwa ifanane na inavyokumbukwa.

Hilo nalisamehe. Kinachonikera ni namba. Gresley mwenyewe hakuikubali 126. Aliona ilifikiwa kwa yadi chache tu. Kuwapita Wajerumani kulimtosha. Alifariki 1941. Miaka saba baadaye wakaipigilia ubavuni mwa injini yake namba aliyoikataa. Twajua kumsingizia marehemu ubaya ni dhambi. Je, kumsingizia sifa? Hawezi kuirudisha.

Wala kibao hakisemi kwamba beringi moja ilichemka ikaharibika, Mallard ikaachwa Peterborough, na injini ya kizamani ikayavuta mabehewa hadi London. Hakimtaji dereva, Joe Duddington, wala Tommy Bray aliyekuwa akitupa makaa kwa koleo. (Hata chumba cha dereva katika injini yangu ni kitupu.)

Usiku mmoja nikachukua wembe nikibandue. Nikajiambia ni kwa ajili ya ukweli. Mkono ukiwa umekaribia, nikagundua ninachokitamani hasa: Mallard ya asubuhi ile, safi, kabla mtu hajadai lolote. Nayo ni sifa nyingine, ya kunipendeza mimi.

Wembe bado uko palepale, kando ya magurudumu.