Wema Si Haki

Akifariki mtu Buguruni, Dar es Salaam, hakuna anayesubiri kualikwa. Turubai hufungwa uchochoroni, majamvi hutandikwa, daftari la rambirambi hupewa kijana anayeaminika, na akina mama huingia uani kubandika sufuria. Tunajisifu kwa hilo, na tuna sababu. Lakini arobaini ikishapita, ndugu wa marehemu huja na habari ya nyumba. Mjane anaambiwa aanze kufikiria pa kwenda, na majirani waliokesha naye wanavuta mapazia: hayo ni mambo ya ukoo.

Jamii inayojua kulia pamoja, mbona kudai pamoja inaishinda?

Penina Muhando aliliona swali hili mapema. Katika tamthilia yake ya Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, ndani ya Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Mwandishi mwoga angeisimamisha kabla ya pazia kufungwa ili tuondoke tumefurahi. Yeye aliiacha chini. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote aliloandika, kwa sababu alikataa kuusifu umoja ambao haujafanya kazi.

Wema humtazama aliyepungukiwa. Haki humuuliza aliyempunguzia. Ndiyo maana wema ni mwepesi. Kumpelekea mjane kilo mbili za mchele hakumuudhi mtu, lakini kusema mbele ya shemeji zake kwamba chumba cha uani kilijengwa kwa fedha za vitumbua vyake kunavunja mazoea ya mtaa mzima. Na wema una mwenyewe: anayetoa leo kesho anaweza kuacha, na anayepokea hana pa kumshtakia.

Sheria nayo imewahi kuyachanganya mawili haya. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Yaani alichostahili kudai kimegeuzwa kuwa kitu cha kuomba. Kwa Waislamu, ambao Buguruni ni wengi, mjane ana thumuni palipo na watoto, na robo pasipo na watoto. Fungu hilo limetajwa waziwazi, wala si hisani ya mtu. Hata hivyo, wangapi wanalipokea pasipo kuambiwa kwamba wanawafukuza watoto wa marehemu?

Kuna atakayenijibu kwamba haki ni kazi ya mahakama, na ujirani tuuache ubaki ujirani. Sikubali. Mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Uamuzi mkubwa. Ila jaji haishi uani kwako. Aliyemwona mjane akiamka alfajiri kukoroga unga wa vitumbua, aliyecheza naye mchezo wa upatu na kujua zamu yake ilipofika fedha zilikwenda kununua mabati, ni jirani. Jirani akinyamaza, mahakama inabaki na karatasi, na karatasi za nyumba zetu nyingi zina jina la mwanamume.

Wala simtaki jirani awe hakimu. Mitaa yetu ina wambea wa kutosha, na wengine wangefurahi mno kupewa kazi hiyo. Namtaka awe shahidi tu.

Basi wewe uliyekula ubwabwa wa arobaini ile: siku mwenyekiti wa mtaa akiitisha kikao cha nyumba ya mjane, nenda, ukaseme ulichokiona.